Sauti Jikoni kwa Everett

Jumamosi ile ukumbi wa chini ya kanisa moja mjini Cincinnati ulifurika akina mama wanaosomesha watoto wao nyumbani. Walibanana kati ya meza wakichakura vitabu vilivyokwishatumika, na watoto wao wakazagaa na donati, midomo imejaa sukari. Nadine Pruitt, ndani ya sweta la rangi ya haradali, alikuwa akiuza vitu vya mama yake, aliyemfundisha yeye nyumbani tangu utotoni. Mezani kilibaki kisanduku cha kadi za mizizi ya maneno, ya Kilatini na Kigiriki, A mpaka Z.

Mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi upande mmoja tu, akauliza kama anaweza kuuziwa kadi za mwisho peke yake, kuanzia S.

"Kaka, hiki si kuku," Nadine akamjibu. "Hakiuzwi paja."

Yule bwana akacheka, halafu akashtuka, kana kwamba kicheko kilitoka kwa mtu mwingine nyuma yake. Jina lake Everett Kohlmeyer, fundi wa lifti. Alikuwa na binti wa miaka tisa, Tabitha, ambaye alimsomesha mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Nadine akauliza, na mama mtoto je?

"Hayupo," alisema, akatazama pembeni.

Nadine akajua wameachana. Hakuchimba zaidi. Akamwachia kisanduku kizima kwa bei ya nusu.

Mapenzi yao yalianzia kwenye kahawa, yakakolea kwenye simu. Nadine alikuwa mwoka mikate, na Everett alikuwa akimpigia kutoka juu ya majengo, upepo ukivuma nyuma ya sauti yake.

"Niko ghorofa ya mwisho, mpenzi, na bado sijakufikia."

"Shuka basi. Mie niko chini huku, unga hadi kwenye nyusi."

Lakini hakuwahi kumkaribisha kwake, na asubuhi hakupokea simu. Nadine alijiambia kila mtu ana mambo yake. Hata hivyo, usiku alipofumba macho alikuwa akiona mlango wa nyumba asiyoijua, na nyuma yake mtu anapumua.

Asubuhi moja ya mvua alimkumbuka mno, akapiga. Tabitha akapokea, akasema baba yuko darasani, asubiri. Akaiweka simu mezani bila kukata. Ndipo Nadine akasikia sauti ya mwanamke, laini, iliyochoka kidogo.

"Radius ni mwale. Mwale wa jua. Ndio uliotupa redio. Sema, kipenzi changu. Na baba yako naye aseme, asijifiche kwenye kahawa."

Akamsikia Everett akiitika, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha yeye: "Radius. Mwale."

Nadine akakata. Siku zilizofuata hakupokea simu yake hata moja, na unga alioukanda ulikuwa mgumu kama jiwe. Everett alipomjia kwenye duka lake la mikate, Nadine alimuuliza mbele ya wateja, bila kupandisha sauti:

"Uliniambia mama yake hayupo."

"Hayupo."

"Basi aliyekuwa jikoni kwako ni nani?"

Everett akapauka. Alishika ukingo wa kaunta.

"Njoo Jumapili umsikie," alisema mwishowe.

Nadine alikwenda. Nyumba ilikuwa mlimani, nyembamba, ya matofali. Jikoni aproni ya kike ilining'inia kwenye msumari, na Tabitha alivaa sweta la mtu mzima, mikono ameikunja mara tatu. Katikati ya meza ilisimama simu ya zamani, imeegemezwa kwenye bakuli la sukari.

"Imebaki moja," Everett alisema. "Tumekuwa tukiikwepa." Akamsogezea Nadine kiti. "Corinne, mke wangu, amekufa, Nadine. Alirekodi masomo kitandani, majira ya baridi yale ya mwisho. Sijawahi kulitamka neno hilo humu ndani."

Tabitha hakumtazama baba yake. Akabonyeza.

Kwanza ilikuja pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo. Nadine akasisimkwa na mwili. "Sal ni chumvi," ikasema sauti, sasa nyembamba kama uzi. "Ndiyo iliyozaa saladi. Mayai anayokaanga baba yako yamejaa sal, muonee huruma." Kicheko, kikohozi, kimya. "Nimechoka kidogo. Tutaendelea kesho."

Friji ikanguruma. Nadine alitamani kuondoka. Alihisi ameketi mahali palipo na joto la mtu mwingine.

"Baada ya sal kuna nini?" Tabitha akamuuliza yeye, si baba yake.

Nadine akamtazama Everett. Everett akainamisha kichwa.

"Schola," Nadine akasema. "Kwa Wagiriki ilikuwa mapumziko. Ndiyo iliyozaa skuli."

"Shule ni mapumziko?"

"Ndivyo walivyodai. Labda hawakupewa kazi za hesabu."

Mtoto akatabasamu kidogo, kisha akakunja uso. "Sema taratibu. Mama husema taratibu."

Nadine akasema taratibu.

Mlangoni Everett alimwambia kwamba hawezi kuahidi sauti ile itatoka ndani ya nyumba. Nadine akamjibu kwamba hajamwomba amfukuze mtu. Alichoomba ni kimoja: asifichwe kitu tena. Everett akamkumbatia pale pale, majirani wakiona, akalia kama mtu ambaye hajawahi kulia.

Walioana majira ya majani kupukutika. Corinne alibaki kuwa mke mwenza, asiyekula wala kulala, na baadhi ya asubuhi Tabitha aliirudia sauti yake tangu mwanzo. Nadine aliizoea, siku nyingine aliitika pamoja nao.

Jioni moja ya Februari, yeye na Everett wakiosha vyombo, Tabitha alikwama kwenye neno huko chumbani kwake.

"Mama!" akaita.

Everett akaacha sahani ndani ya maji. Hawakutazamana. Nadine akangoja kidogo, aone kama kuna mwingine atakayeitika.

Kisha akafuta mikono, akaenda.