Kisima Namba Kumi na Saba

Edinah Bochaberi alisimama juu ya kreti ya soda katikati ya soko la Migori, kipaza sauti mkononi, akipoteza watu. Alianza na akina mama kama arobaini. Sasa walibaki kumi na wawili, na watano kati yao walikuwa wauza nyanya wa hapo hapo, wangebaki hata angeamua kuwaimbia.

"Viwango vya zebaki vinavyozidi idadi fulani ya mikrogramu kwa lita," akasema, jasho likimtiririka chini ya koti jeupe la kazi, "vinaweza kuathiri mfumo wa neva."

"Dada, pole kukukatiza." Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kitenge la manjano, suruali imenyooshwa kwa pasi, mkononi hindi la kuchoma. "Umesema mikrogramu mara nane. Nimehesabu."

"Na hata moja hujaelewa."

"Nimeelewa una hasira. Hiyo inasikika mpaka Isebania. Waambie hivi: ile zebaki ya kushikia dhahabu, ukiichoma jikoni, moshi wake unaingia kichwani mwa mtoto na hautoki tena."

"Unatoka. Polepole, lakini unatoka. Nikisema hautoki nitakuwa nimewadanganya."

"Yawa!" Kijana akacheka mpaka punje za mahindi zikamwagika. "Sasa najua kwa nini wamekukimbia. Wewe hata kutisha mtu unamtisha kwa haki!"

Bochaberi alitaka kukasirika akashindwa, maana sauti ile aliijua. Nani asiyeijua? Kila asubuhi ilitoka kwenye redio za vinyozi, za wauza chai na za wenye boda. Huyu alikuwa Cephas, mtangazaji wa redio moja ya Homa Bay, na siku hiyo alikuja Migori kununua betri ya pikipiki. Alirudi na betri pamoja na nambari ya simu ya Bochaberi.

Basi simu zikaanza, jamani! Asubuhi kabla ya kipindi, mchana, jioni.

"Nyar Kisii, binti wa Kisii, umeamkaje?"

"Vizuri. Lakini leo umesema hewani mvua itanyesha bila shaka. Hakuna bila shaka, Cephas. Ni asilimia sabini."

"Na mimi kukupenda ni asilimia ngapi?"

"Sina takwimu za kutosha."

"Basi njoo Homa Bay Jumamosi uchukue sampuli."

"Jumamosi niko kanisani, wewe. Mimi ni Msabato."

"Jumapili, basi. Misa ya kwanza kwetu inaisha mapema."

Akaenda, gauni la bluu lenye maua madogo, nywele amesuka upya. Walikula ngege wa kukaanga karibu na ziwa, upepo ukipeperusha kitambaa cha meza. Cephas alipoona jinsi mtoto wa milimani anavyomwogopa samaki, aliivuta sahani yake, akatoa miiba yote mmoja mmoja, kisha akamrudishia bila neno. Bochaberi alimpenda hapo hapo, hata kama alikuja kukiri miezi miwili baadaye.

Baada ya miezi mitano Cephas alisema, "Mama anataka kukuona. Jumapili ijayo, Uriri. Usiogope, jaber, mrembo wangu. Atakupenda kuliko anavyonipenda mimi."

Hapa lazima mjue kazi ya Bochaberi. Alikuwa mtu wa kupima hatari, kisha kuwaeleza wananchi. Miezi hiyo ofisi yao ilikuwa inapima visima vya upande wa Uriri, karibu na wachimbaji wa dhahabu. Wenzake walipita wakiandika namba kwenye kila kisima kwa rangi ya bluu, wakajaza chupa mbili mbili. Karatasi za maabara hazikuwa na majina ya wenye visima, ni namba tu, ili mpimaji asimpendelee mtu. Na chupa ya kwanza ikionyesha ubaya, midomo inafungwa mpaka ya pili ithibitishe.

Sheria hiyo Bochaberi aliishika kama roho yake, kwa sababu aliwahi kuivunja. Miaka mitatu nyuma, kijijini karibu na Kosele, alitangaza kisima ni kibaya kwa kutegemea chupa moja. Watu wakakiacha wakarudi mtoni, na kipindupindu kikalaza kumi na wanne. Babu mmoja hakutoka hospitali akiwa hai. Chupa ya pili ilipojibu, kisima kilikuwa safi. Ile ya kwanza ilikuwa imeoshwa vibaya. Uso wa babu yule aliuona kwenye mazishi, na bado anauona.

Ijumaa kabla ya safari ya Uriri, karatasi ikaja. Kisima namba kumi na saba, zebaki mara tatu ya kiwango kinachokubalika. Bochaberi aliomba chupa ya pili ipimwe haraka, kisha akaenda kumnunulia mama mkwe leso na kilo mbili za sukari.

Jumapili, Mama Risper, mamake Cephas, aliwapokea langoni kwa wimbo. Amevaa gauni la zambarau lililonukia sabuni, kitambaa kipya kichwani. Alimkumbatia Bochaberi mpaka mkoba ukaanguka. Filister, dada yake Cephas, alikuwa na mimba ya miezi saba na kicheko kisichoisha.

"Kaka, ulisema ni mrembo. Hukusema ni mrembo hivi!"

Bochaberi alicheka pia. Wakamzungusha bomani: ng'ombe wawili, mihogo, kaburi la baba lenye maua. Nyuma ya jiko wakamwonyesha kisima alichokichimba baba mwenyewe, ambapo nyumba kama ishirini za jirani zilichota maji bure. Kwenye saruji ya kisima, kwa rangi ya bluu, palikuwa na namba kumi na saba.

Chai ilikuja kwenye vikombe vya wageni, maziwa mengi, tangawizi imekolea. Wote wakainua. Kikombe kimoja kisingemfanya chochote, na hapa Migori yote hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Lakini mkono ulikataa. Ulikataa kabisa.

"Samahani mama, tumbo linaniuma."

"Kidogo tu, mwanangu. Inatuliza tumbo."

"Hapana, mama. Asante."

Kuku akaja, akamkataa pia. Mama Risper alitazama sahani iliyojaa, akaifunika taratibu kwa kawa. Filister alijimiminia kikombe cha pili, akanywa. Bochaberi alikitazama kikombe kile kikielekea mdomoni, babu wa Kosele amesimama mbele yake. Akanyamaza. Ee, akanyamaza!

Jioni simu ikalia.

"Mama amelia," Cephas alisema. Sauti yake haikuwa ile ya redioni. "Kwani chai ya Wajaluo ina nini, Edinah?"

"Si hivyo, mpenzi. Nipe siku chache nitakueleza."

"Unieleze tumbo? Njia nzima ya kwenda ulikuwa unakula njugu."

"Cephas, tafadhali..."

"Ungeniambia tu kwetu hapakutoshi."

Jumatatu hakupiga. Jumanne pia. Bochaberi aliwasha redio ofisini ili amsikie akisoma salamu za watu wengine, akaizima, akaiwasha tena.

Alhamisi chupa ya pili ikajibu sawasawa na ya kwanza. Hapo hapo akampigia Cephas, simu ikaita mpaka ikakatika. Akaandika ujumbe: "Wasinywe tena maji ya kisima cha mama. Wasipikie. Yana zebaki. Imethibitishwa leo." Simu ikalia kabla hajaiweka mezani.

"Umejua lini?" Cephas aliuliza.

Angeweza kusema leo. Karatasi ilisema leo.

"Ijumaa iliyopita. Ilikuwa namba tu, sikujua ni kwenu mpaka nilipofika."

"Kwa hivyo Jumapili ulijua."

"Nilijua nusu. Nilingoja chupa ya pili. Nilikwambia yaliyonipata Kosele..."

"Filister alikunywa vikombe viwili mbele yako! Wewe ukajikinga, sisi ukatuacha tunywe. Siku nne zaidi, Edinah!" Akakata.

Bochaberi alilia chooni ofisini, akaosha uso, akaandika barua ya kuitisha baraza.

Kesho yake alasiri, ukumbi wa kanisa kule Uriri ulijaa. Mama Risper aliketi safu ya mbele, mikono mapajani, Filister pembeni yake. Naibu wa chifu alitazama wazee, akamtazama Cephas aliyesimama mlangoni.

"Hapa Kiswahili wengine wanasikia nusu nusu. Cephas, sauti yako tunaijua. Njoo utafsiri."

Hakuwa na pa kukwepea. Alikuja akapokea kipaza sauti, akasimama kando ya Bochaberi bila kumtazama, naye Bochaberi akaanza, safari hii bila mikrogramu.

"Maji ya kisima hiki msinywe, msipikie. Kuyachemsha hakuondoi zebaki. Kufua, fueni. Kuanzia leo lori la maji litakuja hapa kanisani kila asubuhi."

Cephas alitafsiri kwa sauti kavu. Bochaberi akaziweka karatasi chini.

"Kuna lingine, na halipo kwenye karatasi. Mimi nilijua tangu Ijumaa ya wiki iliyopita. Jumapili nilikuwa kwa Mama Risper, nikaiona namba, nikanyamaza."

Cephas akazitazama zile karatasi. Naibu wa chifu akakohoa. Ndipo Cephas akasema kwa Kijaluo, "Mimi nilijua," maana mtafsiri husema kama anayesema ni yeye, na sauti ile isiyowahi kutetereka hewani ikatetereka.

"Nilikataa chai yenu kwa woga, nikawaacha nyinyi mnywe. Nilipaswa kusema hivi tu: kuna shaka, ngojeni siku chache, tutafute maji mengine salama. Maneno hayo hayakuhitaji chupa ya pili. Nimekosa, mama. Nimekosa, Filister."

Cephas alitafsiri mpaka mwisho, neno kwa neno, macho yamelowa.

Mama Risper akasimama. Aliuliza kwa Kiswahili, ili amtazame mwenyewe usoni. "Mtoto wa Filister atazaliwa mzima?"

Kila mtu alitaka asikie ndiyo. Bochaberi mwenyewe alitaka kuisema.

"Uwezekano mkubwa ni kwamba atakuwa mzima, mama. Lakini siwezi kukuapia. Kesho ni Sabato, na hata hivyo nitakuja nimpeleke mwenyewe akapimwe damu. Jibu nitawaletea siku nitakayolipata, liwe zuri ama baya, hata likiwa nusu."

Mama Risper alimgeukia Filister, akamshika bega. Kisha akasema jambo kwa Kijaluo, na wanawake wote wakageuka kumtazama Bochaberi.

"Anasemaje?" Bochaberi aliuliza.

"Anauliza kama wewe ni wa kuja na gari na kuondoka na gari, kama wale wengine," Cephas alijibu, "ama mtoto akizaliwa utakuwepo."

"Mwambie nitakuwepo."

"Kama nani?"

"Hilo ameuliza mama?"

"Hilo nimeuliza mimi." Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwake, na ukumbi mzima ulikuwa unamsikiliza. "Edinah, nimekasirika, na bado kidogo nimekasirika. Lakini hiyo hasira nataka niimalizie na wewe ndani ya nyumba moja. Nakupenda. Nataka uwe mke wangu."

Bochaberi akamnyang'anya kipaza sauti ili asirudie, akasahau kukishusha, akajibu humo humo. "Na mimi nakupenda. Ndiyo. Nitakuwepo kama mke wako."

Vigelegele vilipasuka mpaka kuku wa padri wakatawanyika uwanjani. Filister alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mama Risper alipita katikati ya watu, akamshika Bochaberi mkono, akaukaza.

"Basi, nyathina, mwanangu. Mambo ya mahari yatazungumzwa. Kuna nyumba nane upande wa mto, hazikusikia baraza, na saa hizi zinateka maji ya kupikia jioni. Twende tuwaambie sasa hivi."

Wakatoka watatu, Mama Risper akitangulia kwa hatua za haraka, Bochaberi na Cephas wakimfuata, na mbele ya mlango wa kwanza akampisha Bochaberi abishe yeye.