Vinyama Vitatu vya Shingo ya Feza

Feza, anayekaa leo nyuma ya nyumba yetu hapa Kabambare, alikuwa msichana wa Kasongo. Mama yake alifia Nyangwe yeye angali mdogo, na Bibi Waridi akamchukua, akamlea pamoja na mjukuu wake, Sifa. Kitanda kimoja, sahani moja. Siku mambo yalipoanza, wasichana hao walikuwa uani wakitwanga sombe, majani ya muhogo, na kutaniana.

Feza alikuwa na vinyama vitatu shingoni, laini, vidogo kama punje za mpunga, vimejipanga mstari. Muuguzi Dieudonnée alishavitazama.

"Haviko na mubaya," alimwambia. "Ukitaka, tutavikata. Ukiacha, vitabaki vile."

Feza angeviacha. Lakini ndoa yake na Bakari, mfanyabiashara wa Salamabila, ilikuwa imebakiza wiki mbili, na mkufu wa arusi ulikuwa unanasa hapo hapo.

"Nitavifunga na nywele," Sifa alisema. "Vitakauka, vitaanguka vyenyewe. Hata damu hautaona."

Aling'oa nywele tatu kichwani mwake mwenyewe, akafunga, akakaza. Siku ya sita vinyama vilianguka, vyeusi, vikavu. Kila mtu anajua kwamba kilichotoka mwilini mwako, iwe ukucha au unywele, unakizika mwenyewe. Feza naye alijua. Sifa akanyoosha kiganja.

"Lete, dada. Nitavizika mie."

Akampa! Natamani ningekuwepo niupige mkono ule. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, na nguo yenyewe hatuivui.

Kesho yake Feza alimsalimu muuza mawese wa jirani. Yule mama akajibu, "Marahaba, Sifa." Feza akacheka. Siku iliyofuata watu watatu walimwita Sifa. Akaacha kucheka.

Asubuhi ya arusi aliamka akakuta yuko kitandani peke yake. Sebuleni vigelegele vilikuwa vimepamba moto. Sifa alikuwa ameketi mkekani, hina mikononi, mkufu shingoni. Sura ilikuwa ya Sifa yule yule. Lakini chini ya mkufu vilikuwepo vinyama vitatu. Laini. Vibichi. Vimejipanga mstari.

"Toka hapo!" Feza alipiga kelele. "Feza ni mie!"

Wanawake waligeuka. Mmoja akaguna.

"Sifa, wivu gani huu, siku ya ndugu yako?"

Alikimbia nje. Bakari alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Miaka miwili Feza alikuwa amempenda mwanamume huyu. Alimshika mkono. Bakari akautoa polepole, kwa adabu.

"Shemeji Sifa," alisema, "umwambie Feza nimefika."

Moyo wa Feza ulipasuka.

Alibaki Bibi Waridi tu. Alikuwa jikoni, anachagua mchele. Feza alimpigia magoti.

"Bibi, unitazame. Mie ni nani?"

Bibi alimtazama. Akamtazama tena. Kisha akaweka vidole vyake vitatu pale vinyama vilipokuwa.

"Feza," alinong'ona.

Feza alilia kwa furaha. Mtu mmoja. Mtu mmoja alimjua.

"Najua ni weye, mutoto wangu. Ni mie nilimufundisha Sifa ile kazi." Sauti ilikuwa ya upole, ile ile iliyokuwa ikimlaza usingizi utotoni. "Mwanaume kama Bakari hawezi kupita mbele ya mujukuu wangu akuje kwako. Sifa iko damu yangu. Weye ulikuwa huruma. Sasa funga kinywa, uende."

Vidole vilikuwa bado shingoni. Vilikuwa baridi.

Akaenda. Alipofika Kabambare, mwenye nyumba alimkaribisha kwa jina la Sifa kabla hajafungua kinywa. Sisi tunamwita Feza kwa sababu ametuomba, na ulimi bado unatuteleza.

Shingo yake tumeiona. Pale Bibi alipogusa pana alama tatu za vidole, nyeupe kama vumbi la mchele. Kila asubuhi anazisugua kwa sabuni, zinatoka. Ikifika adhuhuri zimerudi.

Bibi Waridi alizikwa Kasongo mwaka jana. Tangu mwezi uliopita, alama za vidole vyake ni nne.