Mizunguko ya Mwisho Hakuna Kuinuka

Jioni hiyo alitoka kwenda kununua dawa, basi. Mdogo wake alikuwa kitandani tangu asubuhi, pumu imembana, na kichupa chake cha dawa ya kuvuta kilikuwa kimeisha. Duka la dawa halikuwa mbali. Kwenda na kurudi, dakika ishirini.

Mfamasia alikuwa ameshaanza kushusha mlango wa chuma. Alipomwona akaupandisha nusu.

"Dada wa Kijani. Nilijua leo utapita mbio mbio."

Kijani ndilo jina mashabiki walilompa dereva wa mbio za magari aliyependwa nyumbani kwao, kwa rangi ya gari lake. Usiku huo ulikuwa wa mashindano ya mwisho ya mwaka. Akishinda, ubingwa ni wake.

"Nipe dawa ya mdogo wangu, ile ya kuvuta."

"Nakupa. Lakini Kijani wako leo anakula vumbi."

"Vumbi utalifagia wewe kesho, hapo hapo mlangoni."

Mfamasia akacheka, akageukia rafu. "Marehemu shangazi yako angekuwa ameshanipigia simu mara nne kunitukana. Mara ya mwisho Kijani kushinda, si ilikuwa siku ile ile aliyofariki?"

"Ndiyo."

"Aliziona mbio zenyewe, angalau?"

"Sijui. Nilikuwa nimelala."

Mkono wa mfamasia ukasimama juu ya kifurushi.

"Ulilala? Mbio zile?"

Kwa wiki saba alikuwa amewaambia watu maneno hayo hayo. Daktari, majirani, mdogo wake mwenyewe. Nilikuwa nimelala. Wote walimpa pole, wengine wakamshika bega. Hakuna aliyemuuliza zaidi: mdogo wake alimwamini, na wengine hawakujua mbio. Huyu alijua. Alijua kwamba mpenzi wa mbio halali gari lake likiwa mbele, labda awe amezikwa.

"Nilichoka," akasema. Akalipa, akatia dawa kwenye mkoba, akaondoka bila kuaga. Nyuma yake mlango wa chuma haukushuka upesi. Alihisi macho ya mtu yule mgongoni mpaka alipokata kona.

Ukweli alikuwa nao mwenyewe, umemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Shangazi ndiye aliyewalea, yeye na mdogo wake, na ndiye aliyewafundisha mbio. Mwanamke mnene, mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo. Alijua majina ya madereva wote, alijua tairi gani inafaa mvua gani. Na alikuwa na sharti lake: ikibaki mizunguko kumi, kama gari letu linaongoza, hakuna kuinuka. Si kwa maji, si kwa choo, si kwa mgeni mlangoni. Ukiinuka, unamwangusha dereva.

"Huu ndio uchawi wetu," alikuwa akisema. "Wenzetu wana hirizi. Sisi tuna makalio."

Walicheka, lakini hawakuinuka. Mwaka mmoja mdogo wake aliinuka kufuata maji, na papo hapo tairi la Kijani likapasuka. Shangazi hakumsemesha siku mbili.

Kisha moyo wa Shangazi ukaanza kumsumbua, akawa wa kitandani. Walimwekea kijiko karibu, agonge ukutani akihitaji mtu. Siku ya mbio zile mdogo wake alikuwa chuoni. "Nenda ukanitazamie," Shangazi alisema. "Mimi nitasikiliza kutoka huku."

Ikabaki mizunguko kumi. Kijani mbele.

Kijiko kikagonga.

Hakuinuka. Alijiambia Shangazi mwenyewe asingependa. Alijiambia, baada ya huu. Baada ya huu. Kijani aliposhinda alikimbia chumbani mikono juu, na neno "Tumeshinda" lilikuwa limeshamtoka kabla hajaona yale macho.

Siku ya maziko aliapa kutotazama tena.

Nyumba ilikuwa na giza aliporudi. Alisukuma taratibu mlango wa chumba kilichokuwa cha Shangazi, ambacho sasa mdogo wake alilala. Mdogo wake alikuwa usingizini, kifua kikipiga filimbi nyembamba. Alisimama pale na mkoba begani. Amwamshe? Tangu jana hajapata usingizi. Ngoja apumzike. Nitampa akiamka.

Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini miguu ilikuwa imeshageuka kuelekea sebuleni.

Mizunguko mitano tu, nijue yuko wa ngapi, nizime.

Aliweka mkoba sakafuni, akakaa upande wake wa kochi. Upande wa pili, wa Shangazi, mto ulikuwa bado na shimo la mwili wake. Akawasha televisheni na kushusha sauti mpaka injini zikawa kama nyuki ndani ya chupa.

Kijani alikuwa wa tatu. Akawa wa pili. Mizunguko mitano ikawa kumi, kumi ikawa ishirini. Hakuzima. Mikono yake ilikuwa imeshika magoti, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba alijikuta anatabasamu.

Mzunguko wa arobaini na sita kati ya hamsini na sita, Kijani akampita aliyekuwa mbele.

Kumi imebaki.

Hapo ndipo harufu ilipokuja.

Mafuta ya mkaratusi. Yale ambayo Shangazi alijipaka kifuani kila jioni. Kichupa chake walikwisha kukitupa, yeye mwenyewe alikipeleka jalalani. Lakini harufu ilikuwa mbichi, yenye joto la ngozi.

Kisha, ukutani...

Ko. Ko. Ko.

Sauti ilitoka chumbani, mahali pale pale ukutani ambapo rangi ilikuwa imebonyea kwa kijiko.

Si kweli, akajiambia. Ni mawazo. Ni dhambi yangu inanisemesha. Nikienda nitamkuta amekaa kitandani, macho yale yale.

Hakwenda.

Mzunguko wa arobaini na nane. Wa arobaini na tisa.

Ko. Ko.

Akakaza macho kwenye skrini, akawa anasoma namba za muda kama mtu anayesoma dua. Nisamehe, akanong'ona. Nisamehe, Shangazi, niache.

Kochi likadidimia.

Upande wa pili, pole pole, kama anavyokaa mtu mnene mwenye maumivu ya kiuno. Mto ukatoa pumzi. Bega lake likahisi baridi ya bega jingine. Hakugeuka. Pembeni mwa jicho aliona mikono imelazwa juu ya magoti, vidole vimevimba, na kucha zimekuwa za buluu.

"Kaa," sauti ikanong'ona. "Bado sita."

Ilikuwa sauti ya Shangazi. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na ile furaha ya siku zote, ya mtu aliyeketi na mtoto wake kutazama mbio.

Ko.

Moja tu. Dhaifu. Kama kidole kisicho na kijiko.

Akaitazama ile mikono kwenye magoti. Miwili. Imetulia. Haijagonga kitu.

Kama Shangazi yuko hapa...

Basi nani anagonga kule?

Mkoba ulikuwa sakafuni, kati ya miguu yake. Dawa ilikuwa ndani.

Akataka kuinuka, mwili ukakataa. Hakuna aliyemshika. Ile mikono haikusogea hata kidogo. Ni magoti yake yenyewe yaliyokaza, kwa mazoea ya miaka kumi na mitano, na moyoni, Mungu amsamehe, kitu kidogo kilikuwa bado kinasema: mitano tu. Baada ya huu.

Chumbani, kimya. Ile filimbi ya kifua ilikuwa imekoma.

Akainuka.

Alinyakua mkoba, akajikwaa kwenye zulia, akaanguka kwa goti, akasimama tena. Na nyuma yake, taratibu, bila kunong'ona safari hii, sauti ikasema:

"Kumbe unaweza kuinuka."

Mdogo wake alikuwa amelala nusu nje ya kitanda, mkono mmoja umenyooka ukutani, midomo imebadilika rangi. Alimwinua, akamwegemeza kifuani pake, akatikisa dawa, akaiweka mdomoni. Mara ya kwanza haikuingia. Ya pili ikaingia kidogo. Ya tatu mdogo wake akakohoa, akavuta hewa kwa sauti kama nguo inayochanika, na hewa ikaendelea kuingia.

"Pole pole, mdogo wangu. Vuta. Tena."

Walikaa hivyo muda mrefu, jasho la mmoja kwenye nguo ya mwenzake. Ndipo aliposikia, kutoka sebuleni, mtangazaji akipandisha sauti. Kijani. Kijani amemaliza wa kwanza. Kijani ni bingwa wa mwaka.

Alikuwa ameinuka ikiwa imebaki mizunguko mitano, na Kijani alishinda.

Alishinda vile vile.

Kilio kilimtoka hata hakujua kimeanza lini. Mdogo wake akageuza kichwa, uso bado una rangi ya majivu.

"Dada, mbona unalia? Nimepona."

"Ulikuwa unagonga, nami nimekaa."

"Niligonga mara moja tu. Sikuwa na nguvu ya kurudia." Akavuta pumzi. "Nilisikia unazungumza na mtu, nikajiambia utakuja tu."

"Mara moja?"

"Moja."

Akatazama pale rangi ilipobonyea. Kisha akasema, kwa sababu hakukuwa tena na mahali pa kuliweka:

"Sikuwa nimelala. Siku ile ya Shangazi. Nilikuwa macho, natazama mbio."

Mdogo wake akainua uso kumtazama.

"Aligonga nikamsikia. Kijani alikuwa anaongoza. Sikuinuka."

"Aligonga mara ngapi?"

Angeweza kusema hajui. Mtu yeyote angekubali.

"Tatu. Halafu mbili. Halafu moja. Mara sita."

"Ulihesabu," mdogo wake akasema. Hakuwa anauliza.

Akajitoa mikononi mwake, bila nguvu wala ukali, akajilaza na kuuelekeza uso ukutani. Baada ya muda akasema, "Usifunge mlango. Na usiende mbali."

"Siendi popote."

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akisikiliza kifua cha mdogo wake kikipanda na kushuka. Mbio zilikuwa zimekwisha. Televisheni ilikuwa inaonyesha kitu kingine, mwanga wake ukichezacheza kwenye ukuta wa ukumbi. Alipaswa kwenda kuizima.

Sebuleni, mbao za kochi zikalia kidogo, kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake akae.