Nati ya Gurudumu la Mbele

Haya yalimkuta Getruda, jirani yetu wa kule mlimani Ilemela, na hadi leo huyasimulia kwa sauti ya chini.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Yeye alimenya viazi, mumewe Masalu akikaza nati za bodaboda yake. Barabara yao ya mawe hutikisa kila kitu: taa, madigadi, hata kibao cha namba. Lakini nati ya gurudumu la mbele ilikuwa imelegea mara ya tatu wiki hiyo. Juzi gurudumu liliyumba mteremkoni, Masalu akaponea chupuchupu.

"Ni mtikisiko tu, mama Favour."

"Mtikisiko gani unaochagua? Kioo umekifunga kwa uzi tangu Pasaka, mbona hakidondoki?"

Masalu akacheka. Jumatatu alikuwa na abiria wa kumpeleka hadi Kigongo.

Getruda hakucheka. Alimshuku shemeji yake, Luhaga, aliyempa Masalu, mdogo wake, pikipiki hiyo bila kutaja sababu. Kila jioni Luhaga alikuja kuchuchumaa kando ya pikipiki. Mtu akishatoa kitu, anakifuatia nini?

Akachukua rangi ya kucha, akachora mstari mwekundu kutoka kwenye nati hadi kwenye ekseli, chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Nati ikizunguka, mstari utakatika.

Jumapili pikipiki ilishinda sebuleni. Luhaga alifika mchana, Masalu akiwa amelala chumbani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mbona unanichunga kama mwizi wa kuku?"

Luhaga alisimama mlangoni, kikombe cha chai alichopewa kikiwa mikononi. Hakusogea. Getruda akautazama mstari.

Ukakatika.

Nati ilikuwa inazunguka. Polepole. Hakuna mkono.

"Umeona," Luhaga akanong'ona. "Kila jioni naja kuikaza. Nilidhani inanitaka mimi tu, ndiyo maana nikaitoa."

Getruda akashika spana. Nati ile huhitaji spana mbili, moja ishike upande wa pili, la sivyo ekseli yote huzunguka. Yeye alikuwa na moja. Akakaza.

Ekseli haikuzunguka. Upande wa pili ulikuwa umeshikwa.

Kisha spana ikaanza kumrudia mkononi.

Akaiachia. Akamwamsha mumewe. Masalu alimtazama kaka yake usoni, na safari ya Kigongo ikafa hapo hapo.

Ndugu hao walipoisukuma pikipiki nje, sakafu ya udongo ilibaki na alama mbili za magoti, pale gurudumu la mbele lilipokuwa. Getruda alikuwa amefagia asubuhi. Hapakuwa na nyayo za kuingia, wala za kutoka.