Basi Lililoamsha Mtaa Mzima

Mwaka wa 1996, kiwanda cha biskuti kilihama kutoka Ruiru kwenda Thika. Mashine zilihama na ofisi zikahama. Wafanyakazi hawakuhama, maana mashamba yao yalikuwa Ruiru na watoto wao walisoma huko. Basi kiwanda kikanunua basi kuukuu la kuwapeleka kazini na kuwarudisha. Dereva wake alikuwa Gichuru.

Gichuru alilipenda basi lile kupita kiasi. Alilipangusa kila jioni. Aliliegesha uani kwake, karibu kabisa na dirisha la Becky, binti yake wa miaka minane. Kila alfajiri saa kumi na moja aliliwasha, akaliacha lingurume kwa dakika arobaini na tano. Alisema injini ya dizeli haipendi baridi ya Ruiru.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, na hiyo ndiyo ya kuchekesha. Mtaa mzima uliamshwa na basi hilo. Hakuna mfanyakazi aliyekuwa na saa ya kengele. Injini ikiwaka, watu waliamka. Gichuru akikanyaga mafuta mara tatu, watu walivaa viatu. Kisha alizunguka mtaani kote na kumchukua kila mtu mlangoni pake. Mfanyakazi wa kampuni atembee kwenda kungoja basi? Aibu hiyo hawakuitaka.

Becky, mtoto wao wa pekee, alianza kukohoa mwezi wa Juni. Kufika Agosti, hakuweza kuruka kamba bila kushika kifua. Mama yake, Warigia, alimpeleka zahanati. Alirudi na uso mzito.

"Daktari amesemaje?" Gichuru aliuliza.

"Amesema ni moshi. Shule zikifunguliwa kama bado anakohoa, tumpeleke akae kwa mama yako, Cucu wake, huko Murang'a. Asomee huko."

"Akae huko mpaka lini?"

"Hakusema ni lini, Baba Becky."

Gichuru aliumia sana. Nyumba bila Becky ingekuwa nyumba gani? Akaanza kutafuta wa kulaumiwa. Alilaumu jiko la makaa. Alilaumu vumbi la barabara. Alilaumu hata paka wa jirani, ati manyoya yake. Basi lake hakuligusa.

Jirani yao mmoja aliitwa Mwanarusi, na wengi walimwita Mama Safaa. Alikuwa fundi katika karakana ya injini ya chuo kikuu kule Juja. Jioni moja alikuja na sahani ya mandazi, akamsikia Becky akikohoa.

"Mama Becky, una kitambaa cheupe?" aliuliza.

Alipopewa, Mwanarusi alikifua, akakining'iniza dirishani kwa Becky. Akawaambia wasikiguse kwa siku tatu. Siku ya tatu jioni alikuja, akakitandaza mezani. Kilikuwa kimechafuka.

"Hilo ni vumbi tu," Gichuru alisema.

"Vumbi la Ruiru ni jekundu, Baba Becky. Hili ni jeusi."

Gichuru alipitisha kidole juu ya kitambaa. Akakinusa. Harufu hiyo aliijua kuliko mtu yeyote.

"Ngai, Mungu wangu," alisema polepole. "Ni mimi."

Warigia alitaka kusema neno, akaona mumewe ameshajisema vya kutosha. Akamwekea chai.

"Sasa injini nitaipasha moto vipi?" Gichuru aliuliza.

"Dakika mbili zinatosha," Mwanarusi alijibu. "Breki zikishajaa presha ya hewa, ondoka polepole. Injini hupata moto vizuri zaidi ikitembea kuliko ikisimama. Unajua unachoma dizeli kiasi gani hapo uani? Kwa wiki moja, karibu mtungi wa lita kumi. Na basi halijasogea hata hatua moja!"

"Wee! Lita kumi?"

"Lita kumi. Na huo moshi mweusi unaoingia kifuani mwa Becky ni sehemu ndogo tu. Kuna hewa nyingine hapo ambayo huioni, inaitwa hewa ya kaboni. Hiyo inapanda juu na kukaa huko miaka mingi. Inazuia joto la dunia lisitoke, kama wewe ukijifunika blanketi, na mwingine akuongezee, na mwingine tena. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo mbili na nusu za hewa hiyo, na zaidi."

Gichuru alicheka. "Hapo umenidanganya, Mama Safaa. Lita moja ya dizeli haifiki hata kilo moja. Hizo kilo mbili zinatoka wapi?"

"Swali zuri! Dizeli ikiungua, kaboni yake inashikana na hewa tunayopumua. Zikishikana, uzito unaongezeka. Zaidi ya nusu ya huo mzigo dizeli imeuokota njiani."

"Kumbe nimekuwa nikibeba mizigo bila kujua," Gichuru alisema, na hata Becky akacheka kitandani.

Jumatatu, Gichuru aliwasha basi saa kumi na mbili kasorobo. Baada ya dakika mbili aliondoka. Alifurahi sana, kwa dakika kama tano hivi. Mlango wa kwanza ulikuwa umefungwa. Wa pili pia. Wa tatu alitoka Bedan, fundi wa tanuri, amejifunga shuka.

"Kwani leo ni sikukuu?" Bedan aliuliza.

Mtaa mzima ulikuwa umelala! Basi lilifika Thika saa mbili na nusu, na tanuri za biskuti zilikuwa baridi. Magdalene, msimamizi wa wafanyakazi, alikuwa amesimama getini. Yeye pia alikaa Ruiru, lakini alikuja kazini na gari lake dogo, peke yake, kama meneja na karani mkuu.

"Gichuru, kesho uwashe hilo basi vile umezoea!" alisema kwa ukali.

Gichuru alikuwa mtu wa kutii wakubwa. Lakini leo alivua kofia, akamtazama usoni.

"Madam, siwezi. Hilo basi linamfanya mtoto wangu augue. Ukitaka, nipe kazi ya kubeba magunia. Lakini siwashi tena dakika arobaini na tano."

Alimweleza yote: kitambaa, lita kumi, ile hewa isiyoonekana. Magdalene alisikiliza. Hasira ikampungua.

"Na nani atawaamsha hawa watu?" aliuliza.

"Madam, ni watu wazima," Gichuru alisema.

Chakula cha mchana kiligeuka mkutano. Bedan alilalamika kwamba ataonekana maskini akitembea kwenda kungoja basi. Mwanamke mmoja wa kufunga pakiti akamjibu, "Hata leo ulionekana na shuka!" Watu walicheka mpaka Bedan mwenyewe akacheka. Wakakubaliana. Kila mtu atanunua saa. Basi litasimama mahali patatu tu, sokoni, kanisani na stesheni, badala ya milango thelathini. Kila mtu atatembea dakika chache.

"Na viti vya nyuma ambavyo havina watu?" Gichuru aliuliza, akimtazama Magdalene kwa pembeni.

Magdalene alielewa. Wiki iliyofuata aliacha gari lake nyumbani. Karani mkuu akamfuata, na hatimaye meneja, akiwa na gazeti lake. Magari matatu yakapumzika.

Jumapili, Mwanarusi alikuja uani na ovaroli yake. Yeye na Gichuru walifungua chujio la hewa la injini. Lilikuwa limeziba kwa vumbi, injini ilikuwa ikipumua kwa shida. Waliweka jipya, wakasafisha na nozeli, zile pua za kunyunyizia dizeli ndani ya injini. Walipowasha, moshi mweusi haukutoka tena. Hata hivyo Mwanarusi alimwambia aegeshe basi mbali na dirisha. "Hewa ya kaboni bado ipo," alisema. "Dawa yake ni kupunguza dizeli tunayochoma."

Bedan alipoamua kuhamia Thika, hakukodi lori. Aliweka vitanda vyake katika lori la kiwanda, lililoleta biskuti Ruiru na ambalo lingerudi tupu. Alinung'unika kidogo, maana kuhama na lori lako ni heshima. Lakini alihama.

Mwisho wa Agosti, Cucu alifika kutoka Murang'a kumchukua mjukuu wake. Alimkuta Becky nje akiruka kamba. Alihesabu miruko mpaka arobaini, akachoka kuhesabu. Alikaa nao siku mbili, akitega sikio usiku na mchana. Hakusikia kikohozi hata kimoja.

"Huyu nitampeleka kufanya nini?" alimwambia Gichuru. "Mimi naenda zangu."

Gichuru alicheka kwa furaha. Akaushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili.

Becky alibeba kikapu cha kiondo cha Cucu mpaka stendi, akikimbia mbele. Nyuma yake Cucu alisimama katikati ya kilima, ameshika kiuno, anahema.

"Becky!" alimwita. "Pole pole, mama. Ngoja mgonjwa!"