Mlimau wa Mkono Mmoja

Lifti ilikuwa imekwama tena, na ukumbi wa chini wa jengo lile ulifurika watu waliochoka kusubiri. Akina mama walikuwa na mifuko ya sokoni, vijana wawili walishikilia godoro, na mzee mmoja mwenye kofia alikuwa akiitukana lifti kana kwamba ni shemeji yake. Katikati yao alisimama dada mmoja mwenye gauni la kijani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, amekumbatia mlimau uliopandwa kwenye chungu kikubwa. Alikuwa fundi wa mapazia. Baba yake alimbandika jina la Sindano tangu utotoni, kwa sababu alikuwa mwembamba na hapakuwa na uongo alioshindwa kuutoboa.

Mlango wa lifti ukafunguka kidogo, akachomoza kijana mwenye ovaroli la buluu na doa la grisi shavuni.

"Poleni jamani. Nusu saa tu."

"Nusu saa ya saa, au nusu saa ya fundi?" akauliza Sindano.

Watu wakacheka. Kijana akamtazama, kisha akautazama mti.

"Dada unakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita."

"Na huyo bwana uliyemkumbatia?"

"Huu ni mti wa marehemu mama yangu. Usiutanie."

"Samahani. Basi mti nitaubeba, nikutanie wewe."

Akaubeba ghorofa zote sita. Kwenye ya nne miba ilimchoma shingoni, akasema "aa" moja tu, akaendelea. Sindano, aliyekuwa nyuma akimchunguza kama kitambaa cha bei rahisi, akajikuta anatabasamu peke yake.

Mama yake aliuotesha mlimau ule kwa mbegu, mwaka aliozaliwa Sindano. Mama alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuieleza: mlimau una mkono mmoja. Anayeumwagilia ni mtu mmoja tu, Jumamosi asubuhi, kikombe kimoja cha bati, tena baada ya kuchomeka kidole kwenye udongo na kuukuta mkavu. Baba hakuruhusiwa hata kuusogelea. Mama alipofariki mkono ukawa wa Sindano, na baba alipohamia kwa kaka yake Sindano, Sindano akauchukua mti.

Miezi saba ilipita, simu zikiwa hazipoi. Yule kijana, ambaye Sindano alimwita Fundi Lifti, alimpigia asubuhi akiwa juu ya paa za majengo, na mchana akiwa chini ya mashimo. Alikuwa hajui mchicha wala mchaichai, lakini alijifunza kuusalimia mlimau kila alipokuja. "Shikamoo mama mkwe," alikuwa akisema. Sindano akacheka mpaka akaacha kunusa mashati yake. Maana alikuwa ananusa. Mchumba wake wa kwanza alimficha kwamba ana mke na watoto wawili mji wa pili, na tangu hapo imani yake ilikuwa kama kioo kilichogundishwa: kinaonyesha sura, lakini mstari haufutiki.

Siku Fundi alipomwomba wafunge ndoa, Sindano aliogopa kusema ndiyo na akaogopa zaidi kusema hapana.

"Mlimau ukichanua, nitakujibu," akasema.

"Huwa unachanua lini?"

"Ukitaka wenyewe."

"Haya. Nitaungoja."

Sindano akampa ufunguo wa akiba wa nyumba yake. Kwake yeye, ufunguo ule ulikuwa mzito kuliko pete.

Mwezi haukuisha, majani yakaanza kulegea. Kisha yakageuka manjano, yakadondoka moja moja sakafuni. Sindano alichomeka kidole kwenye udongo: maji. Vijidudu vyeusi vikaruka. Jumamosi ilikuwa imepita siku tano. Nani amemwaga maji hapa?

Jirani wa mlango wa pili, mama wa mapacha, alimsubiri kwenye ngazi.

"Mwanangu, mimi si mtu wa maneno."

"Najua, mama."

"Ila yule kijana wako huja hapa mchana, ukiwa kazini. Robo saa hivi. Akitoka huangalia kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Mimi simo."

Sindano alihesabu hereni zake. Zote zilikuwepo. Akanusa mito. Hakuna kitu. Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, akafunga uzi mwekundu kutoka kitasa cha mlango hadi msumari wa fremu, kwa fundo dogo la mshonaji. Jioni uzi ulikuwa palepale. Akainama. Fundo lilikuwa nene, limezungushwa mara tatu, kama la mtu anayefunga nyaya.

Akaukata uzi, akaingia. Kwa hiyo haji tu. Anaficha hata nyayo.

Siku ya tatu, saa tisa kasoro dakika moja, aliacha cherehani na kumpigia.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kwenye shimo la lifti, roho yangu. Nimening'inia kama popo."

Nyuma ya sauti yake saa ikagonga. Moja. Mbili. Ikakwaruza, ndipo ikagonga ya tatu. Sindano aliijua saa ile. Ilikuwa ya ukutani kwake, na haikuwa na pacha duniani.

"Angalia usianguke," akasema, akakata.

Alikimbia na futi shingoni, pini zimejaa kifuani mwa gauni. Alipofika, uzi ulikuwa umefungwa upya kwa fundo lile nene. Ndani, sakafu ilikuwa imefagiwa. Chungu kilikuwa kitupu. Mlimau haukuwepo.

Hakupiga simu tena. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa Fundi, mitaa minne mbele. Mlangoni palikuwa na kandambili nyekundu za kike. Kutoka uani ikasikika sauti ya mwanamke: "Shika vizuri! Usitetemeke!"

Ndiyo hiyo, akajiambia Sindano. Mke wa mji wa pili amehamia mji wa kwanza.

Akasukuma mlango wa uani. Mwanamke wa miaka sitini, kanga imefungwa kiunoni, alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni. Sindano alimtambua: ndiye muuza miche wa kona ya barabara. Fundi alikuwa amepiga magoti, ameushika mlimau kwa mikono miwili, na machozi yamechora njia kwenye grisi ya mashavu yake. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa.

"Huyu ndiye mwenyewe?" akauliza muuza miche. "Afadhali umekuja. Mwenzako ameuzamisha."

"Nilitaka uchanue," akasema Fundi. "Kila siku nilipita kuunywesha. Ulipolegea nikadhani una kiu, nikaongeza. Ulivyozidi kulegea, nikazidi kuongeza."

"Na uzi?"

"Uzi gani? Ule wa mlangoni? Nilidhani unazuia mlango usibamize. Nilikuwa naukata kila nikiingia, basi naufunga tena vizuri."

Muuza miche akaziba mdomo kucheka. Sindano hakucheka.

"Leo umeniambia uko shimoni."

"Nilikuwa nautoa mti. Niliogopa ukijua nimeuua, hutanijibu kamwe."

"Ungeniambia mti unakufa, ningelia. Umeniambia uongo kwa sauti tamu, na hiyo naijua. Naomba ufunguo wangu."

Akautoa bila kubisha.

Muuza miche alikata mizizi yote iliyooza, akapunguza matawi hadi kikabaki kijiti chenye urefu wa mkono, akakipanda kwenye mchanga mkavu. "Usinywe maji mpaka udai," akakiambia. Sindano akakibeba kwenda nacho nyumbani.

Wiki tano zikapita. Fundi alipiga, Sindano hakupokea. Akawa anatuma ujumbe mfupi kila asubuhi: "Siulizi habari zako, najua umekasirika. Nauliza habari zake." Sindano alisoma yote, hakujibu hata mmoja.

Jumapili moja baba yake alipiga.

"Sindano, mlimau wangu hajambo?"

Akamweleza yote, kuanzia uzi hadi beseni. Baba akaanza kucheka taratibu, kicheko chenye kikohozi ndani yake.

"Mwanangu, unajua kwa nini mama yako aliweka ile sheria? Huo ni mlimau wa pili. Wa kwanza niliuzamisha mimi, mwaka uliozaliwa wewe. Nilikuwa naamka kabla yake, nakwenda kuumwagia maji kwa siri, nimfurahishe."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia panya wamekula mizizi."

"Baba!"

"Akajua. Alininunia wiki mbili. Halafu akatema mbegu ya limau kwenye sahani, akaniambia, huu una mkono mmoja, na mkono si wako. Hakusema mume si wewe."

Simu ikiwa bado sikioni, Sindano alikitazama kijiti dirishani. Alikumbuka jambo ambalo hakumwambia mtu: majani yalipoanza kulegea, naye Jumatano mbili za mwanzo, kabla ya siku ile aliyokuta maji, aliongeza kikombe cha pili, kwa hofu, bila kuchomeka kidole. Mikono ilikuwa miwili. Mmoja wake.

Kesho yake asubuhi alipofungua dirisha aliona kitu ubavuni mwa kijiti. Kidogo kama kucha ya mtoto, kijani kibichi. Alishuka ngazi mbili mbili, bado amevaa ndara.

Lifti ilikuwa imekwama. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mzee wa kofia alikuwapo, anatukana. Sindano akapenya hadi kwenye mlango uliofunguka, akainamia giza.

"Fundi!"

Sauti ikatoka chini: "Naam?"

"Mlimau umetoa jani!"

"Jani?" Sauti ikayumba. "Jani si ua, Sindano."

"Najua jani si ua. Na kikombe cha pili nilimwaga mimi pia, sikukwambia. Nani amesema bado nangoja ua?"

Kitu cha chuma kikadondoka, kikalia mara nne kabla ya kufika mwisho wa shimo.

"Unasema nini?"

"Nasema ndiyo! Ila usinidanganye tena, saa yangu ya ukutani hukutaja, na kikombe cha bati usikiguse!"

"Sikigusi! Wallahi sikigusi!"

"Shemeji," mzee wa kofia akaita shimoni, "ameshakubali, sasa tutengenezee tupande!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sindano akatoa ufunguo mfukoni. Alikuwa ameufunga kwa uzi mwekundu, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepiga fundo nene, la kuzungusha mara tatu. Akaunyoosha mkono ndani ya giza, akangoja mkono mwingine, wenye grisi, upande juu kuupokea.