Mifuko Mitatu ya Kundi la Nyuki

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, uji ulipoanza kushika chini, shangazi aliumwa.

Ujumbe uliingia kwenye saa ya mkononi, Casio nyeusi ambayo mafundi wa Ofisi walikuwa wameitoa utumbo wake na kuitia mwingine. SHANGAZI ANAUMWA. Kumi na Tisa, kama Ofisi ilivyomwita, aliusoma mara moja, akaufuta, akaendelea kukoroga.

Uji ukaungua.

Kwa siku nne watoto arobaini wa darasa la sita na la saba walikuwa wakimwita Mama Mkaa, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa amewahi kuingia kwenye ubalozi wenye kuta tatu na kutoka na faili kwapani. Kupika, hapana. Alijitolea kuwa mpishi wa msafara huu kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imeketi kwenye gogo upande wa pili wa kambi, ikijifanya haimjui.

Binti yake. Miaka kumi na mitatu, kiongozi wa Kundi la Nyuki.

Msafara ulikuwa wa siku tano milimani. Asubuhi kamba, mitumbwi na miamba. Mchana kusafisha hifadhi, kuokota chupa na makopo yaliyoachwa na watalii wasio na haya. Kundi litakaloshinda kwenye mizani lingerudi mwezi wa nane kuwaachia porini kobe wachanga wa mwambani, ambao duniani kote hawazaliani kwingine. Nyuki walikuwa wakiongoza. Binti alikuwa ameacha hata kuoga ili asipoteze muda.

Kabla ya safari alikuwa amempa mama yake sharti moja.

"Siku tano, Mama. Hakuna simu za kazini. Hakuna kuondoka ghafla. Ukiondoka hata mara moja, mimi nahamia kwa baba."

Hakusema kwa hasira. Aliongea kama mtu aliyekwisha kupanga nguo zake. Alidhani mama yake ni karani wa ofisi ya takwimu, karani wa ajabu anayeitwa kazini kila sikukuu ya kuzaliwa ya mwanawe.

Kumi na Tisa aliapa. Sasa alisimama nyuma ya hema la stoo, kopo la chumvi sikioni. Redio ilikuwa ndani ya kopo, na ndani ya redio sauti ya mkuu wake wa Ofisi.

"Kumi na Tisa."

"Niko likizo, Mjomba."

"Najua. Zizi la kobe limevunjwa alfajiri. Wachanga thelathini na wanane. Wote waliototolewa mwaka huu."

"Wanunuzi?"

"Walewale wa ng'ambo. Ndege yao inaruka saa sita."

"Geti?"

"Askari wanapekua kila gari. Lakini mwizi yumo ndani ya hifadhi, tena karibu na wewe."

"Nani?"

"Tungemjua tungekupigia?"

"Mjomba, nimemwahidi mtoto."

Mjomba akashusha sauti.

"Darubini unayo?"

"Ninayo."

"Basi tazama tu. Kutazama si kazi."

Akafunga kopo. Alitaka kukimbia na hakujua wapi, kwa hiyo alifanya alichoweza: aligawa uji huku akihesabu watu. Watoto arobaini. Mwalimu wa jiografia, aliyelala na filimbi shingoni. Dereva wa lori, mtu wa kitambi na usingizi. Na Kapteni, mwenye safari, mzee wa hamsini na kitu, ndevu za mvi na kicheko cha kusikika bonde la pili. Miaka sita sasa alikuwa akileta watoto hapa. Walimpenda kuliko walivyowapenda walimu wao.

"Mama Mkaa!" Kapteni alichungulia bakuli lake. "Huu uji au lami?"

Watoto wakavunjika mbavu. Binti yake akaangalia pembeni.

"Leo lori linatangulia," Kapteni akatangaza. "Taka zimeanza kunuka. Mnazikuta kwenye mizani, nje ya geti. Na kumbukeni sheria: mfuko hauendi kama umetoboka, na haufunguliwi kabla ya mizani. Kundi litakalofungua?"

"Limetokaaa!" wakajibu kwa pamoja.

Kumi na Tisa alimpelekea dereva chai ili achungulie ndani ya lori. Chini ya kiti kulikuwa na jeki, kandambili na redio mbovu. Akachukua darubini ya Ofisi, ile yenye kuona joto la mwili hata ndani ya gunia, akaipitisha kambi nzima. Aliona watoto wakiwaka. Aliona panya wawili kwenye mchele wake, karibu na bastola aliyoizika humo. Kobe, hata wa dawa.

Ndipo akakumbuka kwamba kobe hana joto lake mwenyewe. Akikaa kivulini anakuwa baridi kama jiwe la jirani. Kifaa cha bei ya nyumba, na mle Ofisini hakuna aliyefikiria hilo. Alitukana kimoyomoyo, tusi refu.

Saa tatu na nusu lori likaondoka, Kapteni akilifuata nyuma kwa pikipiki yake aina ya Yamaha.

Saa tatu na dakika hamsini Kumi na Tisa alikuwa juu ya mwamba mkubwa, mahali watoto walipofundishwa kushuka kwa kamba. Kutoka pale barabara yote ilionekana. Ilikuwa inajipinda kilomita saba hadi getini, na geti lenyewe lilikuwa chini ya miguu yake, hatua mia nne kutoka kitako cha mwamba. Alitazama. Hakuona kitu. Akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Mama Mkaa, saidia," mwalimu wa jiografia akaita. "Mwenzake kiongozi wa Nyuki anaumwa tumbo."

"Ni ule uji," mtoto mmoja akasema.

Pale mwambani hakuna aliyeshuka bila kukaguliwa na mwenzake, kwa sauti, kifungo kwa kifungo. Binti akamvalisha mama yake mkanda bila kumtazama usoni.

"Pete?"

"Imefungwa."

"Kamba?"

"Imepita."

"Mguu wako unacheza."

"Baridi."

"Hakuna baridi, Mama. Umepigiwa simu."

"Sijapigiwa simu."

Kwa kuwa kopo la chumvi si simu, lilikuwa jibu la kweli. Hata hivyo liliuma. Binti akavuta mkanda kwa nguvu mpaka mama akaguna.

"Tutashinda, hata usipoangalia," binti akasema. "Ingawa kuna mjinga ametutobolea mifuko mitatu. Vitundu vidogovidogo, tena vimepangwa. Kapteni mwenyewe ndiye aliyetupakilia. Alipoenda kunywa chai ndipo nikaona. Ningenyamaza tungetolewa! Nikaivalisha kila mmoja mifuko miwili mizima, nikazungusha gundi ya utepe. Haiingii hata hewa."

Mguu uliacha kucheza.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu. Kwani nini?"

Dakika hamsini. Ndani ya plastiki, juu ya lori lisilo na turubai, juani.

Na nani angepekua taka za watoto? Kila mwaka askari walilipigia saluti lori lile.

"Binti yangu, hii kamba inafika chini?"

"Inafika. Mama, polepole, wewe unaogopa urefu!"

"Nani kasema?"

"Wewe! Kila mwaka!"

Kumi na Tisa alijirusha.

Mruko wa kwanza mita kumi na tano. Wa pili ishirini. Kamba ilipiga kelele kwenye pete. Juu, mwalimu alipuliza filimbi hadi ikakaribia kupasuka. Mama alipogusa ardhi na kufungua mkanda, kamba ya pili ilitikisika kando yake. Binti alikuwa anashuka, macho yamemtoka.

"Rudi juu!"

"Sirudi! Wewe ni nani?"

"Kimbia kwanza."

Wakakimbia.

Lori lilikuwa limesimama kwenye kizuizi. Sajini wa geti, mwanamke mrefu mwenye buti zilizong'aa, alikuwa ameshashika kamba ya kuinua mti. Askari wake wawili walikuwa tayari mikono kipajini.

"Sajini, usifungue!"

Kapteni aligeuka juu ya pikipiki. Akacheka kile kicheko chake.

"Mpishi wangu kakimbia jiko. Heri ya matumbo yetu!"

"Fungueni mifuko ya Nyuki," Kumi na Tisa akasema, akihema. "Ile mitatu iliyovalishwa mingine."

Kicheko kilikatika. Kapteni alitazama nyuma ya lori, akaiona ile mifuko ilivyozungushiwa gundi, na kwa kufumba na kufumbua uso wake ukapauka. Kumi na Tisa aliona. Sajini hakuona.

"Mifuko haifunguliwi kabla ya mizani," Kapteni akasema. "Ikifunguliwa, Nyuki wametoka. Sajini, unanijua miaka sita. Taka hizi wameziokota watoto kwa jasho lao."

Sajini alisita. Mkono wake ulibaki kwenye kamba.

Kitambulisho kilikuwa kimeshonwa kwenye pindo la aproni. Uzi mmoja tu. Angeuvuta na amri ingetoka kwake. Lakini angeuvuta mbele ya mwanawe, na miaka kumi na mitatu ya takwimu ingemwagika barabarani pamoja na makopo. Hakuwahi kuogopa bunduki kama alivyouogopa uzi ule. Vidole vyake vikaushika.

"Mifuko ni yetu."

Binti alikuwa ameshakanyaga tairi. Akapanda.

"Mwanangu," Kapteni akasema kwa upole, "fikiria. Kobe mnawaachia nyinyi mwezi wa nane. Mmebakiza mizani tu."

Binti alimtazama Kapteni aliyemfundisha kufunga kila fundo alilolijua. Kisha akamtazama mama yake, aliyemdanganya juu ya kitu ambacho bado hakukijua.

"Mama. Kweli lazima?"

"Lazima. Sasa hivi."

"Nipe kisu."

Kisu kilitoka kwenye mkono wa shati la mpishi, chembamba, cheusi, bila alama. Binti alikikodolea macho nukta moja. Akakata.

Soksi.

Mfuko mzima ulikuwa soksi, zimepangwa kama mayai. Binti alifungua moja, kitu kikamdondokea kiganjani, kidogo kama kiberiti, miguu imebanwa kwa utepe. Akaubandua kwa kucha.

Hakikutikisika.

Pikipiki ikanguruma.

Kapteni alizunguka kizuizi upande wa shimoni, akaingia barabarani. Bastola ilikuwa juu kambini, ndani ya mchele, na isingefyatuliwa mbele ya mtoto kwa vyovyote. Kumi na Tisa alivuta kwenye lori gunia la makopo, akalizungusha mara moja, akaliachia.

Makopo mia tatu yalimwagika chini ya tairi la mbele.

Yamaha ilienda upande mmoja, Kapteni upande mwingine. Alipojaribu kuinuka, goti lilikuwa mgongoni mwake na kamba ya hema ilikuwa inazunguka vifundo vya mikono yake.

"Wewe ni nani?" alifoka.

"Mpishi."

"Niliwatobolea matundu! Wapumue! Ni watoto waliowaziba!"

"Wamefanya ulivyowafundisha," akasema, akakaza fundo.

Aliporudi, Sajini na askari wake walikuwa wamepiga magoti barabarani vichwa chini kwa aibu, wakifungua soksi. Dereva alikuwa amevua shati lake ili kobe wapate kivuli. Mguu mmoja ulichezea hewa, mdogo kama punje. Kisha mwingine. Kisha kila upande kukawa na vikwaruzo juu ya lile shati.

Thelathini na sita walifufuka. Wawili hawakufufuka.

Binti alikuwa amewashika hao wawili, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Ni mimi niliyewaziba, Mama."

Kumi na Tisa alikaa chini vumbini. Kusema uongo kungekuwa rahisi, alikuwa na uzoefu. Hakudanganya.

"Ndiyo, uliwaziba. Hukujua. Na mifuko isingefunguliwa wangekufa wote. Wewe ndiye uliyeifungua." Akavuta uzi wa aproni. Kitambulisho kikaanguka mapajani. "Na mimi sijawahi kufanya kazi takwimu hata siku moja."

Binti alikisoma pole pole, pande zote mbili.

"Sikukuu zangu zote?"

"Zote. Nisamehe. Nilikuwa nataka kuwepo, kila mara."

Mwalimu wa jiografia alifika akihema, watoto nyuma yake kwa njia ndefu ya ngazi. Alielezwa mara mbili. Alitazama mifuko iliyochanwa, akasafisha koo, akasema kwa huzuni kwamba sheria ilikuwa sheria, hata kama aliyeitunga alikuwa amefungwa kamba. Kundi la Chui, waliokuwa wa pili, ndilo lingerudi mwezi wa nane.

"Sawa," binti akasema. Akajifuta pua kwa mkono, akainama kuokota makopo barabarani. Nyuki wote wakainama naye, na baada ya dakika moja Chui pia.

Kopo la chumvi lilikuwa kambini, kwa hiyo Kumi na Tisa aliongea na saa.

"Mjomba. Shangazi amepona."

"Wanunuzi tumewakuta uwanja wa ndege, wanakula njugu. Kazi nzuri."

"Haikuwa kazi. Nilikuwa natazama."

Akazima. Mama na mwana wakaokota mpaka gunia likajaa.

"Nilisema ukiondoka nahamia kwa baba," binti akasema.

"Nakumbuka."

"Umeondoka mbio kabisa."

"Ndiyo."

"Ila mimi nilikuwa nyuma yako." Alifikiri kidogo. "Hiyo siihesabu."

Casio ikatetemeka. Safari hii Kumi na Tisa hakuificha. SHANGAZI ANAUMWA TENA.

"Una shangazi?" binti akauliza.

"Sina."

"Lete hapa."

Akamvua saa mkononi, akabonyeza vitufe kwa kidole gumba chenye vumbi, akatuma. Mama akasoma juu ya bega lake: MPENI PANADOL. NIKO LIKIZO HADI KESHO.

Kumi na Tisa alitupa gunia la makopo begani, akampa Sajini kisogo, akaanza kupanda barabara ya kilomita saba kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Kulikuwa na watoto arobaini wa kulishwa mchana, na sufuria ya asubuhi bado haijasuguliwa.

"Mama Mkaa!" binti aliita, akimkimbilia. "Leo napika mimi."